Mfumo wa tiketi wa Windows XP na mshahara wa fundi: jibu kwa mdogo wangu wa Mkoani

Waalaikumu salaam mdogo wangu. Swali lako nimelisoma lote, refu kweli kweli, kwa hiyo nalifupisha kwanza ili na wengine wanaosoma wajue tunazungumza nini. Wewe ni fundi kompyuta kwenye kampuni ya boti za abiria zinazokwenda Unguja na Pemba (jina hukulitaja, bora hivyo, na mimi sitaki kulijua). Mfumo wa kukatia tiketi umekaa kwenye kompyuta mbili za Windows XP, printa zake ni zile za utepe zenye makelele, na aliyeutengeneza keshaondoka zamani na namba yake haipatikani. Anayeujua sasa ni wewe peke yako. Unapigiwa simu saa nne usiku, Ijumaa, sikukuu, na mshahara ni ule ule ulioanzia kazi, huku mwenzio mliosoma pamoja kaenda hotelini Nungwi kufunga waifai na kakuacha mbali. Umeuliza kama ni sisi tu tuliobaki nyuma duniani, kwa nini mabosi hawabadilishi, na huo mshahara ufanye nini nao, udai au uondoke.

La kwanza jepesi. Si sisi peke yetu, na wale waliokucheka barazani uliposema Marekani bado wanatumia flopi (zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili) kwenye treni waambie wanunue wao kahawa leo, mana ulisema kweli. San Francisco, mji ambao makampuni makubwa ya teknolojia yamejaa hapo na jirani zake, treni zao za mjini za Muni zikiingia chini ya ardhi zinaongozwa na mfumo uliofungwa 1998, na huo mfumo kila asubuhi hupakiwa programu kutoka kwenye flopi. Tena si zile ndogo ngumu tulizozikuta skuli, ni zile kubwa laini za inchi 5.25 ambazo ukiishika upande mmoja inapepea. Mfumo ulinunuliwa kwa hesabu ya kuishi miaka 20 mpaka 25, miaka ikafika, na Oktoba 2024 ndo bodi yao ikapitisha mkataba wa dola milioni 212 na Hitachi Rail wa kuubadilisha, na kazi yenyewe itaendelea mpaka ndani ya miaka ya 2030 huko.

Ujerumani nako Januari 2024 lilitoka tangazo la kazi, anatafutwa mtu anaejua Windows 3.11 na MS-DOS, mifumo ya kuendeshea kompyuta ya zamani kuliko XP, kwa ajili ya skrini za dereva kwenye treni. Windows 3.11 ni ya 1993. Mashine zenyewe ramu yake megabaiti 8, yani picha mbili tatu za simu yako ishajaa. Paris, uwanja wa ndege wa Orly, tarehe 7 Novemba 2015 ndege zilisimama kwa muda kwenye ukungu kwa sababu mfumo unaowapa marubani khabari ya umbali wa kuona kwenye njia ya kurukia ulianguka, na ulikuwa unakaa kwenye Windows 3.1. New York mambo ya kadi zao za treni yalitegemea OS/2, mfumo ambao IBM wenyewe waliacha kuuhudumia mwisho wa 2006. Na pale pale jirani ya San Francisco, mafundi wa treni za BART walikuwa wanatafuta laptopu kuukuu kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay, za kuwekea Windows 98, mana programu ya kupimia treni zao za zamani haikubali kitu chengine, na walienda hivyo mpaka treni zile zilipostaafishwa 2024.

Kwa hiyo XP yako, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, kwenye ukoo huu ni kijana tu.

Sasa kwa nini hawabadilishi, na hapa ndo ntakaa kidogo kwa sababu usipopaelewa hapa utakwenda kwa bosi na maneno mabaya. Watu wengi wanadhani ni ubakhili. Ubakhili upo, sisemi haupo, lakini si wote. Kitu cha mwanzo, mfumo wa usafiri si kompyuta, kompyuta ni kipande kidogo tu kinachoonekana. Ile dola milioni 212 ya Muni hawanunui dekstopu mpya kuchomoa flopi, wangekuwa na shida ya flopi tu kuna vifaa vidogo vinavyouzwa bei ndogo, unavipachika pale pale kwenye tundu la flopi na mashine inadhani imepewa flopi kumbe ni flashi ya USB. Shida yao ni kwamba mfumo mzima ni kitu kimoja, kuna waya uliolazwa relini unaozungumza na kila treni, kuna kompyuta ndani ya kila treni, kuna kompyuta ya kituoni, vyote vimezaliwa pamoja na vinasikilizana wenyewe kwa wenyewe tu. Ukigusa kimoja ushagusa vyote. Na treni haiwezi kusimama mwaka mzima ikisubiri mafundi.

Kwako ni vivyo hivyo kwa udogo wake. Printa ya utepe imeungwa kwa ile soketi ya pini tisa, kompyuta mpya hazina soketi hiyo, ukiweka kiunganishi cha USB mara nyengine programu inaikubali na mara nyengine haikubali mana imeandikwa itafute COM1 (namba ambayo kompyuta inaipa soketi ile) basi, na viunganishi hivi vikipachikwa tundu jengine hubadilisha namba. Karatasi ya tiketi ina vipimo vyake. Mtu wa getini kazoea tiketi ya rangi ile. Ofisi ya upande wa pili inasubiri orodha ya abiria kwa mpangilio ule ule. Mhasibu nae ana karatasi yake ya kila jioni anayoitaka iwe hivyo hivyo. Bosi akisikia "mfumo mpya" anafikiria kompyuta mbili, wewe unajua ni watu wote hao.

Halafu kipindi cha kubadilisha ndo kipindi cha hatari kuliko vyote. Hapa kwetu mfano tunao wa macho. Beit el Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe Unguja, limesimama zaidi ya karne, sehemu yake ikaanguka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa ndani ya ukarabati, mafundi wamo kazini. Kitu kikongwe kimejizoeza kusimama kwa namna yake, ukianza kutoa boriti moja hujui ilikuwa imebeba nini. Bosi mwenye akili hata kama si mtu wa kompyuta anaihisi hatari hii, ndo mana anakwambia "kwani si inafanya kazi?" na mimi kwa kweli swali lile silidharau, ni swali la haki, ila yeye analitumia kumaliza mazungumzo wakati lilitakiwa liyaanze.

Na kuna sababu ya pesa yenyewe inavyopangwa, serikalini na kwenye makampuni pia. Pesa ya kununua kitu kipya ina fungu lake, ina tenda, ina sherehe, ina picha ya kukata utepe. Pesa ya kukitunza haina sherehe. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kukata utepe wa bakapu, yani nakala ya akiba. Matokeo yake mashine inanunuliwa kwa mamilioni na anaeilea analipwa kama mtu wa kuwasha taa.

Na usije ukaingia ofisini na ile kauli ya kwamba kipya ndo salama. Novemba 2016 hao hao Muni walivamiwa na wezi wa mtandao waliofunga kompyuta zao na kudai fidia, wakafika mahali wakafungua mageti watu wakapanda bure. Kilichoshambuliwa ni kompyuta za ofisi zilizoungwa kwenye mtandao, treni za flopi ziliendelea kutembea kama kawaida. Na tarehe 19 Julai 2024 viwanja vya ndege nusu ya dunia vilipigwa na kiwewe kwa apdeti moja mbovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5 ziliathirika, zote hizo za kisasa. Siku ile ikazuka khabari kwamba shirika la ndege la Southwest la Marekani limenusurika kwa sababu lipo kwenye Windows 3.1, watu wakaisambaza mpaka kwenye magrupu yetu huku, ni uzushi ule, wao walikuwa hawatumii programu ile ya CrowdStrike tu, basi. Lakini utaona mtu anautumia uzushi ule kumtetea bosi wake asinunue kitu.

Kwa hiyo uzee wa mashine peke yake mimi haunitishi. Kinachonitisha kwenye barua yako ni sentensi ndogo uliyoiandika kwa kujisifu kidogo, eti "nikiumwa mimi boti haitoki". Hapo ndo pabaya.

Hebu tuangalie kitu kimoja kwa karibu ili tuelewane. Umesema kuna siku umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, mfumo ukakataa kukata tiketi ya safari ya asubuhi, na wewe ukatengeneza kwa dakika chache "kwa kubadilisha tarehe tu". Hukueleza ilikuwaje lakini naijua ile. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu ndani ya kompyuta, kuna betri ndogo ya duara, CR2032, kazi yake ni kuiweka saa hai wakati mashine haina umeme. Ile betri inakaa miaka kadhaa halafu inakufa kimya kimya, na huwezi kujua imekufa kwa sababu mashine haizimwi, inakesha imewaka. Siku umeme ukikatika na UPS (kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) nayo betri yake ishachoka, mashine inarudi na tarehe ya kiwandani, 2002 au mwaka wowote iliyozaliwa nao. Programu ya tiketi inalinganisha safari na tarehe ya mashine, haielewi, inakataa, au mbaya zaidi inakubali na kuandika tiketi za leo kwenye hesabu ya mwaka 2002, mhasibu jioni anaona siku nzima hakuna mapato. Karani anaona "mfumo umeanguka". Meneja anaona "mfumo wa kizamani huu". Abiria wa Pemba wapo nje na maboksi yao, mama ana mtoto, mgonjwa anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Na dawa yake ni betri ya bei ndogo unaipata Darajani, ubadilishe kabla haijafa, uandike tarehe uliyobadilisha kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha.

Umeona ilivyo? Hakuna elimu kubwa pale. Ila ile elimu ndogo imekaa kichwani mwako tu, haikuandikwa popote, na kampuni inaishi kwa kudra.

Na kwa mazingira yetu vitu vidogo kama hivyo ni vingi. Hewa ya bandarini ina chumvi, inakula miguu ya kadi na soketi, unakuta mashine nzima nzima haiwaki mpaka uchomoe ramu uisafishe miguu yake kwa spiriti na uirudishe. Kapasita za pawa saplai zinavimba vichwa kwa joto na umeme wa kupanda na kushuka. Waliokuwepo Unguja ule wakati wa kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa miezi mitatu kwa jenereta, wanajua vifaa vingapi vilikufa kipindi kile kwa umeme mbovu wa majenereta. Mtengenezaji wa mfumo alie Ulaya hakukiandika kitu hichi kwenye kitabu chake. Fundi wa hapa ndo anaekijua.

Sasa tufike kwenye pesa, mana najua umeruka aya zote uje hapa.

Mafundi wengi wa aina yako wana siasa moja, wanaficha. Neno la siri analijua yeye, diski ya kuwekea mfumo upya ipo nyumbani kwake chini ya kitanda, hatua hazijaandikwa, anaamini kwamba siku atakayoandika ndo siku atakayofukuzwa. Naielewa khofu hiyo na si ya kipuuzi, yapo makampuni yanafanya hivyo hivyo. Lakini tazama inakupeleka wapi. Umekuwa mtu wa lazima, sawa, na mtu wa lazima hapandishwi cheo kwa sababu akipanda nani atakaa pale. Hapewi likizo. Hapelekwi kozi. Anapigiwa simu kwenye harusi ya dada yake. Na mshahara haupandi kwa sababu bosi hajui anakulipa kwa kitu gani, yeye anaona mfumo unafanya kazi tu, kila ukitengeneza haraka ndo anazidi kuamini kwamba hakuna kazi. Kuficha kunakufunga wewe kabla ya kumfunga bosi. Mimi nakushauri kinyume chake kabisa: andika kila kitu, halafu ukatumie yale maandishi kudai.

Anza na daftari la kuitwa. Kila simu, tarehe, saa uliyopigiwa, saa uliyomaliza, tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, na ungechelewa nini kingetokea. Usipambe. Kaa nalo miezi mitatu minne bila ya kumuonesha mtu. Bosi ukimwambia "nafanya kazi sana" atakwambia na yeye pia. Ukimuwekea mezani kurasa zenye saa tano za usiku na saa kumi za alfajiri, hana la kusema zaidi ya kuzisoma.

Halafu mpigie hesabu ya kusimama. Tuchukue mfano wa kubuni tu, abiria 300, tiketi shilingi 30,000, hiyo ni milioni 9 kwa safari moja. Simaanishi zote zitapotea mfumo ukifa, watu watakatiwa kwa mkono na boti itaondoka. Lakini wewe unajua na mimi najua kwamba tiketi za mkono ndo pesa zinapovujia, kitabu cha risiti kinachukuliwa na huyu, chenji anashika yule, jioni hesabu haikai. Bosi huyo anaekataa kukuongezea laki moja muulize kwa adabu siku ile ya tiketi za mkono upungufu ulikuwa kiasi gani. Atakaa kimya kidogo.

Na kuna jambo zito kuliko pesa, hili uliseme kwa heshima wala usilifanye silaha. Mfumo wa tiketi ndo orodha ya abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikienda Pemba, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na shida moja kubwa ya siku zile ilikuwa kujua walikuwemo nani na wangapi. Mwaka wa pili yake, tarehe 18 Julai 2012, ikafuata MV Skagit ikitokea Dar. Hakuna nyumba Pemba inayohitaji kuelezwa mambo hayo. Kwa hiyo fundi anaehakikisha idadi ya abiria kwenye kompyuta ni idadi ya kweli, na kwamba nakala yake ipo nchi kavu kabla boti haijang'oa, kazi yake si ya kuwasha printa, na hati yake ya kazi iandikwe hivyo. Hati yako mimi sijaiona ila nakisia imeandikwa "IT" tu na mengineyo utakayopangiwa.

Ukienda kudai usidai "mshahara" kwa jumla. Omba vitu vilivyotenganishwa, mana mshahara ukipanda kwako atapiga kelele kila mtu ofisini, posho haina kelele hizo. Posho ya kuwa tayari nje ya saa za kazi, yani hata wasipokupigia. Malipo ya saa za ziada ukiitwa. Gari au pesa ya gari usiku. Fungu dogo la vipuri, betri, pawa saplai moja, hadidiski mbili, printa moja ya akiba hata kuukuu, lisiwe linatoka mfukoni mwako kama unavyofanya sasa (hilo la mfukoni liache mara moja, unamficha bosi gharama ya kweli). Na msaidizi. Msaidizi wengi hawamuhesabu kama malipo lakini mtu anaeweza kwenda likizo kwa amani kalipwa.

Umenitajia kile kima cha chini cha mshahara cha shilingi 500,000 kwa mwezi ukasema mbona sisi hatukukiona. Kile kilichotoka 370,000 kikawa 500,000 kuanzia Julai 2025 ni cha watumishi wa umma wa bara. Kazi na ajira si mambo ya Muungano, Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na kima chetu kinatangazwa huku huku. Wewe upo kampuni binafsi Zanzibar, kwa hiyo soma ile sheria sehemu ya saa za kazi na saa za ziada, na mkataba wako usome upya mstari kwa mstari kabla hujafungua mdomo, mana ukienda na takwimu ya bara utapigwa chini kwa dakika moja na hoja zako nzuri zote zitakufa nayo.

Akikataa yote? Inawezekana, tena sana. Barua yako iwe na nakala, iwe imepokelewa na kupigwa muhuri, iseme wazi kwamba mfumo una hatari hii na hii na unaomba hiki na hiki. Southwest Disemba 2022 walifuta karibu safari 17,000 kwa sababu baada ya dhoruba ya baridi mfumo wao wa kupanga wafanyakazi ulishindwa kujua nani yuko wapi, watu wakapangwa kwa simu, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshalalamika miaka kuhusu mifumo ile. Mwaka uliofuata shirika likapigwa adhabu ya dola milioni 140. Siku ya kutafutwa mchawi, waliokuwa wameandika walikuwa na pa kusimamia. Kwetu mchawi hutafutwa chini, kwa fundi.

Wakati unasubiri majibu fanya kazi ya ufundi inayokulinda na wewe. Diski zote mbili zitolee nakala kamili, mashine nzima na si mafaili tu, kwa Clonezilla au kitu cha aina hiyo, na ile nakala ijaribu kwenye mashine nyengine mpaka iwake na itoe tiketi, mana bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Zile kompyuta zitoe kwenye intaneti kabisa, karani akitaka kutizama mpira atizame kwenye simu yake. Faili la kila jioni lihamishwe kwa flashi moja tu maalumu. Na ukipata kompyuta yenye nguvu kidogo jaribu kuiweka ile XP ndani ya mashine ya kubuni, yani kompyuta ya programu tu inayokaa ndani ya kompyuta nyengine, virtualboksi wanavyoiita vijana, uone kama printa inakubali, ikikubali umeshajinunulia miaka kadhaa na hukutumia hata senti ya kampuni.

Sasa ubaki au uondoke. Ntakwambia ukweli ambao hutaupenda. Ujuzi wa mfumo ule peke yake Unguja hii hauna soko, wala Dar. Tangazo la Ujerumani lipo lakini tangazo moja halifanyi soko. Kinachouzika ni mtu anaejua kuhamisha, aliyeishi na mfumo wa kale akauelewa mpaka mishipa, akatoa data zake salama akazipeleka kwenye mpya bila ya kupoteza abiria hata mmoja kwenye kitabu. Watu hao ni wachache kila mahali, na wewe upo kwenye nafasi ya kuwa mmoja wao ukijifunza SQL (lugha ya kuchotea data) na Linux (mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta) na mitandao jioni jioni, badala ya kushindana na mwenzio kufunga waifai ambayo kila mtoto wa mtaa anaweza sasa.

Kwa hiyo mimi nisingeondoka wiki hii. Ningewapa mwaka, na ndani ya mwaka huo ningedai jambo moja kubwa kuliko laki, kwamba siku kampuni ikitaka mfumo mpya mimi ndo niandike mahitaji. Humo uweke kwamba data ni mali ya kampuni na zitoke kwa namna inayosomeka na programu yoyote, kwamba msimbo wa programu uachwe kwa kampuni au mahali pa amana, kwamba wafundishwe watu wawili na si mmoja, na kwamba mfumo wa zamani na mpya viende sambamba miezi kadhaa, isianziwe wiki ya Idi. Kama hayo yangekuwemo kwenye mkataba wa mwanzo, yule jamaa aliyepotea na namba yake asingekuwa khabari.

Wakikunyima vyote, posho, msaidizi, vipuri na hilo la mahitaji, nenda Nungwi na usijisikie vibaya. Toa notisi ya mkataba wako siku zote kamili, kabidhi kwa maandishi, maneno ya siri, diski, ramani ya nyaya, na mpokeaji atie saini kila ukurasa. Na watakupigia, nakuhakikishia, mara ya mwanzo umeme ukikatika usiku. Jibu simu, wasalimie vizuri, watajie bei yako ya saa moja na ya kuja baada ya saa nne usiku kabla hujauliza tatizo ni nini, na pesa itangulie.